Mkulima Hewa

Machimboni, 3 Machi

Mama Mapacha,

Salamu nyingi kutoka kwenye vumbi. Dereva wa lori la kokoto alinikabidhi bahasha yako jana. Ilikuwa imekunjwa mara nne na ina alama ya grisi, lakini fomu ya ruzuku ndani yake ilikuwa salama.

Uliandika, "Tia sahihi tu pale chini, mengine niachie mimi." Hapana, mke wangu. Wewe una mapacha, una mama yangu, una nyumba nzima kichwani. Fomu hii inamhusu mkulima, na mkulima aliyeandikishwa serikalini ni mimi. Darasa la nne si haba. Nimeijaza yote mwenyewe kwa herufi kubwa, na nimempa dereva aipeleke moja kwa moja ofisi ya kilimo. Sikutaka ikupitie tena ikakusumbua.

Pagumu palikuwa mahali pamoja tu: ukubwa wa shamba. Basi jana kengele ya kutoka ilipolia nilishuka kwenye uwanja wa chini, pale malori yanapogeuzia, nikalitembea shamba letu kwa kumbukumbu. Nilianzia kwenye mpapai wa mpakani. Mpishi wa kambi nilimsimamisha mahali pa choo. Mtega baruti nikamweka zizini, akalalamika kwa nini yeye ndiye wa zizini. Nikamwambia nyamaza, wewe ni ng'ombe. Muhogo wa marehemu baba niliupita taratibu nisiukanyage, wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilipata hatua mia na arobaini kwa tisini. Nikarudia. Zikawa zile zile.

Sasa sikiliza. Malipo haya yakitoka, ukiyajumlisha na kile kilicho kwenye kopo lako, pampu ya maji ni yetu. Shamba likiwa na pampu, sina sababu ya kukaa huku. Huu ni mwaka wa sita. Mapacha wana miaka saba na mara ya mwisho waliponiona ilikuwa kwenye mazishi ya baba, miaka mitatu iliyopita. Walinisalimia "shikamoo mgeni". Sijasahau.

Kazi inaendelea vizuri, nyapara ananiheshimu. Tafadhali ule muhogo wa baba usiuguse mpaka nije.

Mumeo,
Baba Mapacha


Nyumbani, 11 Machi

Baba Mapacha,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimesimama na mara moja nimekaa.

Umeandika nini kwenye fomu? Nataka kila neno, kila safu, kama ulivyoandika. Usinijibu kwa utani. Dereva atapita kwako Alhamisi na Jumatatu, tumia safari ya Alhamisi.

Mama hajambo. Mapacha hawajambo. Shamba halijambo. Kwenye kifurushi kuna dawa ya kuchua, pakaa asubuhi na jioni.

Mkeo


Machimboni, 15 Machi

Mama Mapacha,

Mbona una haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni? Haya, neno kwa neno.

Ukubwa: hatua 140 kwa 90. Zao kuu: muhogo, robo tatu ya shamba. Zao la pili: mahindi. Mifugo: ng'ombe mmoja, mwekundu, mpole, pembe moja imevunjika. (Hawakuuliza pembe, lakini nafasi ilibaki.) Chanzo cha maji: hakuna, ndiyo maana tunaomba. Anayelima: mimi mwenyewe. Msaidizi: mke wangu.

Karani wa machimbo aliisoma akasema haijawahi kuandikwa fomu iliyonyooka namna hiyo. Kwa hiyo lala usingizi. Dawa ya kuchua nimewagawia wenzangu, mimi sina haja nayo sana.

Mumeo,
Baba Mapacha


Ofisi ya Kilimo, 2 Aprili

Kwa: Mkulima namba 0417

YAH: UHAKIKI WA MAOMBI YA RUZUKU

Fomu yako ilipokelewa. Tarehe 26 Machi ofisi ilimtuma mpimaji shambani. Mambo yafuatayo hayakulingana na maelezo yako:

(a) Fomu inasema robo tatu ya shamba ni muhogo. Mpimaji hakuona shina hata moja.

(b) Fomu inasema shamba ni hatua 140 kwa 90. Shamba lililopimwa ni 140 kwa 155.

(c) Fomu inasema kuna ng'ombe mwekundu. Hakuna ng'ombe. Hakuna zizi.

(d) Fomu inasema hakuna chanzo cha maji. Mpimaji alitumbukia kwenye mfereji.

Kwa sababu hiyo, ofisi ina shaka kwamba mwombaji halijui shamba analoliombea. Jina lako limewekwa kwenye orodha ya wakulima hewa, yaani watu wanaoomba malipo kwa mashamba wasiyoyalima. Unapewa siku thelathini kujieleza kwa maandishi. Usipofanya hivyo, shamba litafutwa kwenye daftari la ruzuku kwa misimu mitatu.

Afisa Kilimo wa Eneo


Machimboni, 9 Aprili

Mama Mapacha,

Nimeambatanisha barua ya serikali. Isome ukiwa umekaa.

Sasa niulize mimi. Muhogo wa baba uko wapi? Ng'ombe wangu yuko wapi? Zizi nililojenga kwa mikono hii liko wapi? Mfereji ni wa nani? Na shamba limekuaje hatua sitini na tano bila mimi, limekuwa mtoto hilo?

Nilidhani wamekwenda shamba la watu. Nikasema, mpimaji alilewa. Kisha nikatoa barua zako zote chini ya godoro, nikazisoma moja moja tangu mazishi. Kila moja inasema "shamba halijambo". Hakuna hata moja, nasema hata moja, yenye neno muhogo. Mimi nimeutaja kila barua. Wewe hujanijibu kwa miaka mitatu, na mimi mjinga sikuona.

Hapa kambini habari zimeenea kwa sababu karani ndiye aliyenisomea maneno magumu, na karani hana kifua. Sasa naitwa Hewa. Asubuhi nikiingia kwenye foleni ya uji, Mpishi anasema, "Nani amesimama hapo? Sioni mtu." Mtega baruti anapitisha mkono mbele ya uso wangu. Nacheka nao, lakini moyoni sicheki. Misimu mitatu bila ruzuku ni misimu mitatu bila pampu. Ni miaka mitatu mingine huku. Mapacha watakuwa na miaka kumi.

Niambie ukweli. Hata kama umeuza shamba, niambie.

Mumeo


Nyumbani, 14 Aprili

Mume wangu,

Sijauza. Kaa chini, hii ni ndefu.

Mwezi mmoja baada ya kumzika baba nilikwenda kuchimba muhogo kidogo wa chakula. Shina la kwanza ndani lilikuwa la kahawia, laini kama sabuni iliyolowa. La pili hivyo hivyo. Majani juu yalikuwa mazima kabisa, huwezi kudhani. Nilichimba mstari mmoja, nikachimba wa pili. Nilichimba mistari yote saba, siku tatu, nikitafuta hata shina moja zima nikuwekee. Sikulipata. Mama alikuwa amekaa ukingoni ananitazama mpaka nilipofika mwisho. Akasema, "Sasa njoo ule."

Nilikuandikia siku ile ile. Nikaichana. Nikaandika nyingine, nikaichana. Wewe barua zako zote unazifunga na maneno hayo hayo, usiuguse muhogo wa baba, na mimi naona jinsi unavyoishika hiyo mihogo kama ndiyo kamba iliyobaki ya kukufunga na nyumbani. Ningekuambia nini, kwamba imeoza? Nikaanza kuandika "shamba halijambo". Si uongo. Halijambo kuliko siku zote. Ila si lile unalolijua.

Ng'ombe nilimuuza. Kwa bei yake nilinunua kile kipande cha kinamasi cha jirani, kile ambacho kila mtu alisema ni cha vyura. Nilichimba mfereji, miezi minne, mimi na wanawake wawili wa nyumba ya tatu ambao nami niliwachimbia wao. Mbao za zizi nikajengea kichanja cha kukaushia. Kisha nikapanda vitunguu. Mwaka wa kwanza vilikuwa vidogo kama vifungo vya shati. Mwaka wa pili wachuuzi walikuja wenyewe mpaka mlangoni. Yale mabati ninayokuambia "tumetengeneza paa kidogo" ni vitunguu. Viatu vya shule ni vitunguu. Shida yetu ni moja tu: maji yako chini, vitunguu viko juu, na katikati nipo mimi na ndoo.

Mpimaji alipokuja mimi nilikuwa sokoni. Alimkuta mama, na mama alimwambia ukweli wote isipokuwa ule uliohitajika. Alimwambia, "Mwanangu hajakanyaga hapa miaka mitatu." Ndivyo ulivyogeuka hewa.

Sasa na wewe usijitie mtakatifu. Tangu Novemba dereva ameniambia kwamba jiwe lilikuangukia mgongoni, kwamba hupasui tena, kwamba unakaa kwenye gunia na wazee mnachagua kokoto kwa mikono. Nyapara anakuheshimu! Unadhani ile dawa ya kuchua nilikutumia ya kung'arisha viatu?

Haya, tumalize hili. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia majibu yote sahihi. Nakili tu. Waambie uliumwa, ulichanganyikiwa, ukakosea. Mgonjwa husamehewa. Jina lako litabaki, malipo yatatoka, na hakuna atakayejua. Fanya haraka, mwisho ni tarehe mbili Mei.

Nisamehe kwa muhogo.

Mkeo


Machimboni, 21 Aprili

Kwa Bibi Shamba, Ofisi ya Kilimo

Mheshimiwa,

Mimi ndiye hewa namba 0417. Naandika mwenyewe, sijaandikiwa na karani, kwa hiyo utavumilia mwandiko.

Mke wangu amenitumia majibu sahihi ninakili nikutumie. Ninayo hapa mezani. Ni mazuri, yana hadi siku vitunguu vilipohamishwa kutoka kitaluni. Ningeweza kuyanakili na wewe usingejua. Nimeyatazama kwa siku nne. Nikiyanakili nitakuwa nimekuambia kwamba mimi ndiye ninayejua hayo, na mimi nimeyajua juzi kwa barua.

Kuhusu orodha yenu, mmekosea kitu kimoja. Mimi si hewa. Hewa haichagui kokoto kutwa nzima, na hewa haina mgongo. Lakini hicho kingine mmepatia. Mimi si mkulima. Nilikuwa mkulima zamani, na niliandikishwa kwa sababu siku ile mwandikishaji aliuliza mwenye nyumba ni nani, nami nikainua mkono haraka.

Kwenye fomu niliandika "anayelima: mimi mwenyewe, msaidizi: mke wangu". Naomba ugeuze majina hayo. Hapana, usiyageuze, mimi hata msaidizi sikuwa. Lifute jina langu, andika lake peke yake. Huyu mwanamke muhogo ulipooza alichimba mistari saba akinitafutia shina moja zima. Mtu anayelitafuta shamba hivyo ndiye mwenye kulijua. Kama bado una shaka, nenda kamuulize yeye kuhusu hilo shamba, usiniulize mimi.

Karani amenisomea masharti kwamba mkulima akijiondoa, ofisi ina haki ya kulifuta shamba lenyewe. Nimeelewa. Naogopa sana, nisikudanganye. Ukilifuta, nimejifunga huku miaka mitatu zaidi kwa mkono wangu mwenyewe, na mke wangu atabeba ndoo miaka mitatu zaidi kwa ajili ya ukweli wangu. Lakini siwezi kuomba mara ya pili kitu ambacho si changu.

Mwenye kukosa,
Aliyekuwa 0417


Nyumbani, 27 Aprili

Baba Mapacha,

Dereva amekuja mara mbili mikono mitupu. Nimemuuliza kama umempa kitu, akaanza kutazama matairi yake. Mtu mzima hatazami matairi namna ile bila sababu.

Umenakili? Umepeleka? Umekasirika kwa ajili ya muhogo? Kama umekasirika, kasirika, lakini peleka majibu kwanza, kisha tugombane kwa nafasi. Zimebaki siku tano.

Mama anasema ukinyamaza hivi ujue umefanya jambo. Anasema tangu utoto ulikuwa ukivunja kitu unakwenda kukaa nyuma ya nyumba kimya.

Umevunja nini?

Mkeo


Nyumbani, 1 Mei

Mume wangu,

Kaa chini tena.

Bibi shamba alikuja mwenyewe jana. Ni mwanamke mfupi, ana viatu vya mvua na sauti ya mwalimu mkuu. Nilikuwa ndani ya mfereji natoa tope, gauni nimelifunga kiunoni. Akasimama ukingoni.

"Mkulima wa hapa yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko machimboni, mama, lakini atarudi, aliumwa, alichanganyikiwa tu, ni mtu mzuri, halewi..."

"Sijamuulizia mumeo. Nimemuulizia mkulima."

Akafungua mkoba, akatoa barua yako, akanisomea yote pale pale juu ya kichwa changu, na mimi mguu mmoja umekwama kwenye tope, siwezi hata kukimbia kuficha uso. Alipofika kwenye mistari saba akasimama, akasafisha miwani. Akasema vumbi. Baba Mapacha, kulikuwa na tope mpaka magotini, vumbi lingetoka wapi?

Kisha akaanza.

"Hivi vina siku ngapi tangu kuhamishwa?"

"Upande huu arobaini na mbili. Kule juu thelathini na nane, mvua ilinikatiza."

"Kwa nini kule majani yamekuwa njano?"

"Nilichelewa kuvipa mbolea. Mapacha walihitaji viatu."

"Na mstari huu umeuacha wazi kwa nini?"

"Nimeuacha ukauke. Mwaka jana viliozea hapo, sitaki uozo uhamie kwa vingine."

"Nani alikufundisha?"

"Vilivyooza."

Akanitazama. Akauliza maji. Nikamwambia ndoo themanini kila jioni. Akasema haiwezekani. Nikamwambia shika ndoo. Akashika, mume wangu! Akapanda nayo mara mbili na viatu vyake vya mvua, ya tatu akaiweka chini katikati ya njia, akakaa juu ya jiwe.

Hapo ndipo mama akatoka na kiti. "Kaa hapa, mwanangu. Kwani wewe ndiye uliyesema mwanangu ni hewa? Nilimsukuma siku mbili. Hewa haina kichwa kikubwa vile." Bibi shamba akacheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka, alitaka jibu. Ikabidi aombwe radhi rasmi kwa niaba ya ofisi.

Baadaye akatoa daftari akaniuliza jina langu. Nikasema Mama Mapacha. Akasema, "Hilo ni la watoto. Lako." Nilihitaji kufikiri kidogo. Mara ya mwisho kulisema kwa sauti sijui ilikuwa lini. Nilipolitaja mapacha wakatazamana, mmoja akamwuliza mwenzake, "Ni nani huyo?"

Amelifuta jina lako, ameandika langu. Shamba halikufutwa. Malipo ya msimu huu yatatoka katikati ya mwezi.

Nilicheka, nikalia, nikarudi mferejini kwa sababu tope halijui habari njema. Kumbe ndicho ulichovunja.

Unakumbuka niliandika "nakili tu"? Leo nafurahi wewe ni mbishi.

Mkeo


Ofisi ya Kilimo, 16 Mei

Kwa: Aliyekuwa mkulima namba 0417

YAH: KUONDOLEWA KWENYE ORODHA

Kufuatia barua yako ya tarehe 21 Aprili, ofisi inakujulisha kuwa jina lako limeondolewa kwenye orodha ya wakulima hewa, kwa kuwa imethibitika kuwa wewe si mkulima.

Malipo ya ruzuku ya shamba husika yamekabidhiwa leo kwa mkulima wake. Alifuatana na mama yako, aliyeomba kuonyeshwa mahali jina lako lilipofutwa ili ahakikishe.

Ofisi haina utaratibu wa kumshukuru mtu kwa kukiri. Fomu yake haipo. Kwa hiyo nakushukuru mimi binafsi. Kati ya majina thelathini na moja kwenye ile orodha, barua iliyokuja ni moja.

Afisa Kilimo wa Eneo

N.B. Mpimaji wetu anasalimu. Anauliza kama mfereji ule unaweza kuwekewa daraja.


Machimboni, 20 Mei

Kwa Mkulima Mwenye Shamba

YAH: MAOMBI YA KAZI YA KIBARUA

Bibi Mkulima,

Nimesikia kwa dereva kwamba pampu imefika, kwamba ni ya rangi ya bluu, na kwamba siku ya kwanza ilipowashwa mama alikimbia akidhani ni lori linaingia nyumbani. Nimesikia pia kwamba shamba limepanuka na mwenye shamba yuko peke yake. Kwa hiyo naomba kazi.

Elimu yangu: darasa la nne, na sehemu ya la tano.

Uzoefu: miaka sita ya mawe. Vitunguu sijui. Nimeambiwa vinahamishwa kutoka kitaluni, lakini sijui vinahamia na mizigo gani. Nitajifunza.

Afya: mgongo mbovu, hilo nalisema mapema maana nimeambiwa tayari unajua. Mikono mizima. Naweza kung'oa magugu nikiwa nimekaa, kuchagua vitunguu vikubwa na vidogo (hapa nina utaalamu mkubwa, nimechagua kokoto miezi sita), na kukaa kimya nikielekezwa. Hilo la mwisho sijalijaribu bado.

Mwenendo: niliwahi kudanganya kuhusu nyapara. Hakuniheshimu. Alikuwa ananiita "wewe".

Wadhamini: Mpishi wa kambi, anayesema sasa ananiona vizuri kabisa. Na mtega baruti, ambaye yuko tayari kuja kama ng'ombe ikiwa zizi litajengwa upya.

Kuhusu muhogo. Nilipoisoma barua yako ya mwezi uliopita niliweka kazi chini nikatembea tena kule chini malori yanapogeuzia. Nilisimama pale nilipokuwa nimeupita taratibu nisiukanyage. Nikajisikia mjinga, kisha nikajisikia mwepesi. Baba angekuwepo angekuambia ung'oe mapema zaidi. Mimi ndiye niliyehitaji ubaki, si yeye. Hakuna cha kusamehe.

Nimeomba hesabu yangu kwa karani. Baada ya wiki moja nitakuwa huru. Mshahara ninaoomba ni chakula, mahali pa kulala, na mapacha wasiniite mgeni.

Naomba kuwasilisha.

Mwombaji


Nyumbani, 25 Mei

Kwa Mwombaji wa Kibarua

YAH: MAJIBU YA MAOMBI YAKO

Maombi yako yamefika na yamesomwa kwa sauti mezani. Mapacha wanataka kujua kama mwombaji anajua kuogelea mferejini. Nimewajibu atajua akitumbukia.

Masharti ni haya. Utaanza kazi siku utakayofika, si siku ya pili yake. Kitunguu chochote utakachong'oa ukidhani ni gugu, utakila kibichi mbele yangu. Hutaniambia "zamani tulikuwa tunafanya hivi" zaidi ya mara moja kwa siku. Jioni utapakwa dawa mgongoni na utatulia, hutaigawia wenzako. Barua zangu zilizo chini ya godoro lako njoo nazo zote, nina nyingine nilizochana nitakusimulia kwa mdomo.

Fundi Baruti, au mtega baruti, au vyovyote anavyoitwa, mwambie asante, lakini hapa hatufugi.

Nilimwambia mama kwamba nimepata kibarua. Akauliza, "Ana nguvu?" Nikamwambia hapana, mgongo wake mbovu. Akauliza, "Anajua kazi?" Nikamwambia hajui, itabidi afundishwe yote kuanzia mwanzo. Akauliza, "Ana adabu?" Nikamwambia hivi hivi tu. Akatua kijiko chini. "Sasa mtu wa hivyo unamchukulia nini?"

Nikashindwa kumjibu mbele ya watoto.

Njoo.

Mkulima